Subira Hana Mgongo

Refugio alikuwa anarudisha sufuria tu. Aliiazima kwa mdogo wake wakati wa sikukuu ya mtakatifu wa mji, akapikia tamale za unga wa mahindi, kisha mashono ya wateja yakamzidi na sufuria ikakaa kwake muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Jioni hiyo akaifunika kwa mtandio na kuteremka njia ya mawe kuelekea kwa Otilia.

Manyunyu ya kule milimani hayanyeshi. Yananing'inia. Yanakulowesha bila wewe kujua yalianza lini. Kutoka kwenye mabanda ya bwana Arrieta ilikuja harufu ya kahawa inayokaangwa, na Refugio aliifuata kama kawaida, maana nyumba ya Otilia ilikuwa mbele kidogo tu ya mabanda hayo. Alipofika uani, akasimama.

Kulikuwa na harufu nyingine.

Kama ngozi ya nguruwe inapobanikwa.

Aliita mlangoni, akaingia. Otilia alikuwa mbele ya jiko, amempa mgongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kigae cha kuchomea tortila, mikate ya mahindi. Ulikuwa umelala pale bapa, umetulia, kama mkono wa mtu aliyeuweka mezani akizungumza na mgeni. Chini yake moto ulikuwa unawaka.

"Karibu, dada," Otilia alisema, akigeuza kichwa. Alikuwa anatabasamu.

Refugio aliangusha sufuria, akamvuta. Mkono ulitoka. Sehemu ya ngozi haikutoka nao.

Otilia hakupiga kelele. Aliutazama mkono ule kwa upole, kama mtu anayetazama mtoto wa jirani, kisha akasema si kitu, itapita, kila kitu hupita. Refugio alimtumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji, na alipoinua macho akamwona shemeji yake mezani. Fermín alikuwa anakula. Alikuwa ameketi pale muda wote.

Fermín hakuwa mtu wa kutisha kumtazama. Sokoni alikuwa na mzaha, na wanawake wauza maua walimpenda. Lakini Otilia alikuwa amekwisha kumjia dada yake usiku mara nyingi, mdomo umevimba, kanga ya mtoto ina damu, na kila mara asubuhi alirudi, kwa sababu mama mkwe alimfuata, padri alimsihi, na majirani walimwambia mwanamke ni mvumilivu. Siku za karibuni hakuja tena. Refugio alidhani mambo yametengemaa. Moyo wake ulipumzika, na hilo ndilo alilokuja kujilaumu nalo baadaye.

"Shemeji, usimharibie mke wangu," Fermín alisema, akifuta sahani kwa kipande cha tortila. "Siku hizi amekuwa mtu. Haombi, halii, hanuni. Wanaume wenzangu wananiuliza nimemfanya nini."

Refugio aligeuka kuangaza chumba. Alikuwa amekumbuka mtoto.

Amparo alikuwa kwenye kikapu chake pembeni, macho wazi. Alikuwa mtoto wa kuanza kutambaa, yule ambaye zamani ukimchelewesha ziwa kidogo tu mtaa mzima ulijua. Sasa alikuwa kimya. Nepi yake ilikuwa imekauka, ikalowa, ikakauka tena mwilini, na chini yake ngozi ilikuwa nyekundu kama nyama. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Refugio alipomwinua, mtoto alimtazama.

Kisha akatabasamu.

Tabasamu lile lile la mama yake.

Refugio alisema anaondoka na mtoto. Fermín aliinuka bila haraka, akamchukua Amparo mikononi mwake, akamrudisha kikapuni, akasema mtoto wake analala kwake, na kama mama mkubwa ana hamu ya mtoto basi atafute mume. Akamfungulia mlango. Otilia alikuwa amesharudi kusimama mahali pake, ameegemea ukuta kati ya jiko na dirisha, mkono uliobabuka unadondosha maji. Anangoja. Hakuna aliyejua anangoja nini.

Nje, chini ya upenu, kulikuwa na mtu. Bi Escolástica, mama yake Fermín, alikuwa amejikunyata pale na rozari yake. Alimshika Refugio mkono, akamvuta hadi kwenye lango, mbali na masikio ya mwanawe.

"Mimi nilimwambia aguse mguu," alinong'ona. "Mguu tu. Sikumwambia ambusu."

Hakuna mwanamke wa San Bartolo asiyejua maana ya mguu huo. Makaburini, juu ya kilima, kuna kanisa dogo la kuzikia ukoo wa Arrieta, na mlango wake ni wa shaba, umewekwa enzi za babu yao. Juu ya mlango huo kuna wanawake wanne wamechomoza kutoka kwenye shaba, nusu nje, nusu ndani: Imani na msalaba wake, Hisani na watoto wake, Busara na kioo chake, na Subira, ambaye hana chochote. Amesimama tu, mikono imeshuka, uso umeinama. Shaba yote imekuwa nyeusi kwa mvua isipokuwa mguu wa kulia wa Subira, unaong'aa njano kwa kupapaswa. Bibi harusi hupelekwa pale na mama mkwe wake. Anagusa, anaomba, anarudi nyumbani. Refugio, ambaye hakuolewa, hakuwahi kugusa.

Bi Escolástica alieleza kwa sauti iliyokatikakatika. Yeye mwenyewe aligusa alipokuwa msichana, na ikamsaidia, maana baba yake Fermín alikuwa mbaya kuliko Fermín. Kwa hiyo alipoona mkwewe anateseka alimpeleka, kwa nia njema. Lakini Otilia hakugusa mguu. Alipanda kwenye kizingiti, akamshika yule wa shaba mashavu, akambusu mdomoni, akamwambia: nipe yako yote.

Refugio aliuliza yule mwanamke wa shaba ni nani hasa.

Bi Escolástica alitazama nyuma kwanza. "Alikuwa mjakazi," alisema. "Toribia. Mchonga sanamu alimsimamisha ukutani amchonge akimtazama. Bwana Arrieta wa enzi hizo akamwambia asitikisike mpaka aambiwe. Kisha mabwana wakaenda kula, wakalewa, ikaingia sikukuu... Wengine wanasema mchongaji alitia udongo usoni mwake akiwa bado anapumua. Mimi sijui. Najua kwamba hakuna aliyerudi kumwambia aketi."

Refugio alipanda kilima. Hakujua anakwenda kufanya nini. Labda kulia, labda kupiga mlango ule kwa mawe. Mwanga ulikuwa unakwisha, ukungu umeshuka kati ya misalaba, na nyasi zilizolowa zilimpiga miguuni. Kanisa la Arrieta lilikuwa mwisho wa njia, limejibana kwenye ukuta wa makaburi.

Imani alikuwepo. Hisani alikuwepo, na watoto wake. Busara alikuwepo, anajitazama kiooni.

Bapa la nne, mahali pa Subira, lilikuwa tupu.

Hakukuwa na alama ya msumeno wala patasi. Shaba ilikuwa laini, imenyooka kama maji ya ndoo. Refugio alinyoosha kidole, akagusa. Mvua ilikuwa baridi, mlango mzima ulikuwa baridi, lakini mahali pale palikuwa na joto. Joto la kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi.

Alianza kurudi. Hakukimbia, kwa sababu alihisi kwamba akikimbia kitu fulani kitajua kuwa anajua. Aliufuata ukuta wa makaburi, mkono mmoja kwenye mawe. Na mbele yake kidogo, kwenye ukuta huo huo, akamwona mwanamke.

Alikuwa anatembea kiubavuubavu, mgongo ameubana ukutani. Hatua... kisha kimya. Hatua... kisha kimya. Miguu yake haikuwa na kishindo cha nyama. Ilikuwa na sauti ya kengele iliyoshikwa isilie. Harufu yake ilikuwa harufu ya sarafu iliyolowa, ile inayobaki kiganjani ukiishika muda mrefu. Uso ulikuwa umeinama.

"Jioni njema, mama," Refugio alisema. Hakujua kwa nini alisalimu. Labda ni malezi tu.

Mwanamke alisimama. Hakujibu. Alikuwa na namna ya kusikiliza, kama mtumishi aliyesikia jina lake likiitwa chumba kingine na hana hakika. Kisha, kwa kuwa Refugio hakuongeza neno, akaendelea na safari yake.

Ukuta uliishia langoni. Pale palikuwa na uwazi, na baada ya uwazi njia ya mawe inayoteremka mjini. Mwanamke alifika mwisho wa ukuta, akasita, akauacha. Akapita katikati ya lango. Na Refugio akamwona kwa ubavu.

Hakuwa na mgongo.

Alikuwa uso na kifua na tumbo na magoti, kisha basi. Kwa nyuma alikuwa na shimo, kama sinia lililopinduliwa, kama kalibu ya kumiminia shaba ya sanamu. Na kalibu hiyo haikuwa tupu ya umbo. Ndani yake, kwa kinyume, kama uso unavyobaki kwenye unga mbichi, kulikuwa na pua ambayo Refugio aliijua. Paji la uso alilolijua. Kovu dogo juu ya nyusi, la siku Otilia alipoanguka kutoka mti wa kahawa na dada yake akambeba hadi nyumbani.

Mahali pake palikuwa tayari. Ilibaki yeye kuingia.

Sasa Refugio alikimbia.

Alimpita yule mwanamke bila kumtazama, akateleza kwenye mawe, akapoteza kiatu, akaingia uani kwa Otilia akihema. Fermín alikuwa ameshatoka kwenda kunywa. Taa ilikuwa inawaka mezani. Otilia alikuwa amesimama pale pale ukutani, mtoto mikononi, na wote wawili walikuwa wanatabasamu kuelekea mlangoni kana kwamba wanamsubiri mgeni wa heshima.

Refugio alimshika bega kumvuta, na mkono wake ukateleza, ukakutana na ukuta mapema kuliko ulivyopaswa.

Alipapasa tena. Bega lilikuwepo, kwa mbele. Kwa nyuma nguo iliteremka wima, haikuwa na cha kuijaza. Mdogo wake alikuwa anazama. Nyama ya mgongo wake ilikuwa inakwisha kimyakimya, na mwenyewe hakuona haja ya kusema.

"Otilia, keti," alimwambia. "Keti, mdogo wangu. Nipe mtoto, keti."

"Naweza kusimama, dada. Haichoshi."

Sauti ile ya kengele ilikuwa uani sasa. Hatua... kisha kimya. Taa ikayumba. Harufu ya sarafu iliingia kabla yake, halafu yeye mwenyewe akaingia, akiteleza kwenye ukuta wa mlangoni, ukuta wa kabati, ukuta wa jiko, uso umeinama. Alikuwa anakuja mbele ya Otilia. Alikuwa anakuja kumfunika, kama kifuniko kinavyokuja juu ya sufuria.

Amparo aliinua mkono mdogo kumpokea.

Refugio alijitia katikati. Shaba ilimgusa kifuani, nzito, yenye joto, haikumsukuma. Ilimngoja tu aondoke. Ingemngoja mpaka asubuhi. Ingemngoja mpaka afe. Uso ulikuwa karibu na wake, na kwa mara ya kwanza aliutazama vizuri. Ulikuwa uso wa msichana. Haukuwa umeinama kwa unyenyekevu. Uliinama kwa sababu shingo ilikuwa imechoka.

"Toribia," Refugio alisema.

Shaba ilitulia.

"Toribia. Wameshaondoka wote. Inatosha, mwanangu. Keti."

Kulikuwa na mlio. Mlio mmoja mrefu, mzito, kama kengele kubwa inapogusa ardhi, na taa ikazimika. Katika giza Refugio alisikia kiti kinalia chini ya uzito.

Halafu Otilia akapiga kelele.

Ilikuwa kelele ya mkono uliokuwa motoni, lakini haikuwa ya mkono peke yake. Ilikuwa ya mdomo uliovimba na mbavu zilizopigwa na usiku wote aliokaa kimya, yote yamekuja kudai kwa pamoja. Alianguka magotini. Na juu ya kelele hiyo, nyembamba, ya hasira, yenye njaa, ikapanda sauti ya mtoto. Amparo alikuwa analia. Refugio alimkumbatia, naye akalia kwa furaha, kwa maana hakuna wimbo aliowahi kuusikia kanisani uliokuwa mtamu hivyo.

Aliondoka nao wote wawili usiku huo huo. Mgongo wa Otilia ulirudi, ingawa hata leo hawezi kulala chali.

Refugio aliwaweka chumba cha ndani. Yeye alilala kwenye chumba cha kushonea, kwenye mkeka, karibu na mlango. Manyunyu yalipoanza jioni iliyofuata, alisikia harufu ya sarafu. Kiti cha wateja, kile cha kukaa wakisubiri kupimwa nguo, kikalia taratibu. Hakukuwa na mtu juu yake. Lakini Amparo, aliyekuwa anatambaa sakafuni, alikizunguka kwa mbali, kama anavyozunguka miguu ya mtu.

Ndipo Refugio alipoelewa alichokifanya. Alimwambia aketi. Hakumwambia aende.

Hakuthubutu kumwambia neno lingine. Kila neno lilimtisha. Alishona mbele ya kiti kile mdomo umefungwa, na alipotaka kumwita Otilia alikwenda kumgusa bega, asije akatamka amri ikadakwa na asiyekusudiwa.

Fermín alikuja siku ya Jumapili, jua likizama. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la kanisani, na mwanzo aliongea vizuri. Alimsalimu shemeji. Alisema nyumba imepooza, mama yake anazeeka, mtoto anahitaji baba. Otilia alisimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, mkono umefungwa bendeji, akasema hatarudi. Alisema kwa sauti kubwa. Fermín alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia mtoto akitukana. Kisha akavuka chumba, akamshika mke wake mkono. Akaushika ule ule uliofungwa bendeji. Akaubana.

Refugio alisikia mdogo wake akilia. Alimwona mtoto akitambaa kwenda kwa mama yake, na kiatu cha Fermín kikimsogeza pembeni.

Hakufikiri. Au alifikiri, na hilo ndilo linalomnyima usingizi.

"Toribia," alisema bila kugeuka. "Simama."

Kiti kililia.

Fermín aliinua macho, akatazama juu ya bega la Refugio. Kidole kimoja kimoja, kiganja chake kiliachia. Uso wake haukuonyesha hofu. Ulilainika. Mistari yote ikaondoka, na midomo ikafunguka kwenye tabasamu la upole ambalo Refugio alikuwa ameliona mara mbili kabla, na ambalo hakutaka kuliona tena maisha yake yote. Alisema samahani, shemeji. Akatoka. Alipandisha njia ya makaburi kwenye manyunyu, na nyuma yake, ukutani, hatua nyingine zilimfuata.

Yuko huko mpaka sasa. Amesimama chini ya upenu wa kanisa la Arrieta, mgongo kwenye mlango wa shaba, pale kwenye bapa tupu. Ni mzima, anapumua. Walimbeba kumrudisha nyumbani, akarudi kilimani kwa miguu yake. Padri alimnyunyizia maji, akayaacha yakauke usoni. Watu walishtuka mwanzoni, kisha wakazoea, na sasa wapo wanaosema kwamba ametubu, kwamba ni mfano mwema, na wanawake huwaleta waume zao wamtazame. Hakuna anayemtazama kwa ubavu. Refugio alimtazama mara moja.

Shati lilikuwa linateremka wima.

Bi Escolástica humlisha kwa kijiko. Jioni, akitoka huko, hupita kwa Refugio. Hagombi wala halaumu. Husimama mlangoni na bakuli lake, ameloa, miguu imevimba kwa kupanda kilima, na kuomba jambo lile lile. Anasema yeye amejaribu, padri amejaribu, lakini mwanawe hasikii sauti nyingine ila ya Refugio. Ni neno moja tu, keti. Refugio akubali kupanda naye mpaka pale, alitamke.

Refugio hukata uzi kwa meno. Hujibu kwamba leo ana nguo ya kumaliza, au kwamba mtoto ana mafua, au kwamba watazungumza kesho. Hasemi uongo. Kila siku ana nguo ya kumaliza. Na neno huwa liko pale mdomoni, jepesi, tayari, naye hulimeza.

Jana mama yule alisimama muda mrefu kuliko kawaida. Alishika mwimo wa mlango, akatweta, akasubiri. Hatimaye akaaga na kushuka taratibu kwenye ukungu. Refugio aliendelea kushona mpaka mwanga ukaisha.

Ndipo alipokumbuka kwamba siku zote hizo, hata mara moja, hakuwahi kumkaribisha kiti.